Maswali ya wasomaji: Wanyama waliopelekwa vitani, na nani aliwarudisha?

Toleo lililopita tuliweka picha ya ile sanamu ya London iliyozinduliwa 2004, ya wanyama wa vitani, baghala wawili wamelemewa na mizigo wanaelekea kwenye ngazi, na ukutani pameandikwa kwamba wanyama hawa hawakuwa na hiari. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea. Nimechagua zinazouliza mambo ninayoweza kuyajibu kwa uhakika, na kwa kuwa hii mada inanigusa sana kuna majibu yatakuwa marefu, mnivumilie.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, nimebishana na wenzangu hapa, mi nasema mnyama aliyefanya kazi kubwa kuliko wote vitani ni mbwa, wao wanasema farasi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wenzako wako sahihi tena kwa mbali sana, ila na wao wameacha nusu ya jibu, maana huwezi kumtaja farasi ukamwacha punda na yule baghala, mtoto wa punda na farasi. Hawa watatu ndio waliobeba vita za binadamu kwa maelfu ya miaka. Vita ya Kwanza ya Dunia peke yake, 1914 mpaka 1918, inakadiriwa farasi, punda na baghala kama milioni 8 walikufa ukijumlisha pande zote. Milioni 8! Na wengi wao hawakufa kwa risasi kama tunavyoona kwenye muvi, yani farasi anakimbia na askari mgongoni panga juu. Hiyo kazi ya kukimbilia adui ilikuwa karibu imekwisha huko Ufaransa na Ubelgiji baada ya miezi michache tu, kwa sababu bunduki za rashasha na seng'enge hazimwachi farasi hai. Waliouawa wengi waliuawa na uchovu, baridi, njaa, magonjwa na matope.

Unaweza kujiuliza mbona magari yalikuwepo tayari. Yalikuwepo ndio, ila machache na yalikuwa yanahitaji barabara, sasa fikiria sehemu ambayo mizinga imeipiga miezi na miezi mpaka ardhi yote ni mashimo yamejaa maji, gari linaenda wapi hapo. Mzinga mmoja wa kawaida wa Waingereza ulikuwa unavutwa na farasi sita. Risasi, maji, chakula, majeruhi, vyote vinapita mgongoni kwa mnyama. Pale Passchendaele, Ubelgiji, mwaka 1917 farasi walikuwa wanazama kwenye matope mpaka shingoni na wengine ikabidi wapigwe risasi hapohapo maana hakuna namna ya kuwatoa. Walitengenezewa mpaka barakoa za gesi ya sumu, zinafungwa puani kama ule mfuko wa kulia nafaka.

Alafu watu wengi wanadhani Vita ya Pili farasi walishapumzishwa. Hapana. Jeshi la Ujerumani ambalo kwenye filamu tunaliona ni matanki tupu, lilipoivamia Urusi Juni 1941 lilienda na farasi zaidi ya 600,000. Matanki yalikuwa mbele, nyuma yake huko jeshi kubwa linavutwa na farasi kama zamani. Na kule Burma, vile vikosi vya Waingereza vilivyokuwa vinapenya msituni nyuma ya Wajapani mwaka 1943 na 1944 vilitegemea baghala, na kwa kuwa baghala akilia mnajulikana mlipo, madaktari wa mifugo wakawakata nyuzi za sauti. Walibeba redio na silaha milimani huku hawana hata sauti ya kulalamika. Hilo mimi likinijia kichwani huwa nalifikiria muda mrefu.

Kwa hiyo farasi na ndugu zake. Mbwa nitamfikia, usikasirike.

SWALI: Na hao farasi waliobaki hai vita ilipoisha walirudishwa kwao?

JIBU: Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri, asante sana dada uliyeuliza.

Wachache sana walirudi. Chukua mfano wa Australia. Walipeleka nje farasi zaidi ya 130,000 kwenye ile vita ya kwanza, farasi wagumu wale wanaitwa Waler, ndio hao waliofanya ule mkimbio maarufu wa Beersheba, mji wa Palestina, tarehe 31 Oktoba 1917, jua linazama, wanakimbilia mahandaki ya Waturuki na visima vya maji maana wengine hawakuwa wamekunywa tangu siku iliyotangulia. Unajua wangapi walirudi Australia? Mmoja. Anaitwa Sandy, alikuwa farasi wa Meja Jenerali Bridges ambaye alikufa kwa jeraha alilopata Gallipoli huko Uturuki 1915, na akarudishwa kwa sababu ya heshima ya bwana wake. Waliobaki, wazee na wagonjwa walipigwa risasi, wazima wakagawiwa majeshi mengine au wakauzwa. Sababu zilizotolewa ni gharama za meli na hofu ya kuleta magonjwa ya mifugo nyumbani. Naelewa hofu ya magonjwa, ni kitu cha kweli kabisa, ila kuna askari waliowaangalia wale farasi miaka mitatu minne, wamelala nao jangwani, alafu unaambiwa kesho anauzwa. Askari waliumia sana na waliandika kuhusu hilo.

Sasa sikiliza kilichofuata Misri. Jeshi la Uingereza nalo liliuza maelfu ya farasi wake huko baada ya vita. Mwaka 1930 akafika Cairo mama mmoja Mwingereza, Dorothy Brooke, mumewe alikuwa jenerali wa jeshi. Akaanza kukuta mitaani farasi wazee mifupa mitupu wanavuta mikokoteni ya mawe, akawaangalia vizuri akakuta wana ile alama ya moto ya jeshi la Uingereza. Yani miaka zaidi ya kumi baada ya vita kuisha, wao bado wanafanya kazi ngumu kuliko ile ya vitani. Akaandika barua gazetini kwao mwaka 1931, watu wakatuma pesa, na ndani ya miaka mitatu kamati yake ikanunua farasi 5,000. Wengi walikuwa wameshachoka kiasi kwamba alichoweza kuwapa ni siku chache za kivuli, maji na majani kabla ya kuwalaza bila maumivu. Na jambo moja nalipenda kwa huyu mama, hakuwalaumu wale wenye mikokoteni, aliona kabisa kwamba nao ni maskini wanatafuta riziki, ndio maana mwaka 1934 akafungua hospitali ya wanyama pale Cairo ya kutibu bure farasi na punda wa watu maskini. Shirika lake lipo mpaka leo na linafanya kazi nchi nyingi.

Kwa maoni yangu huyo mama alifanya kazi ambayo serikali ilitakiwa kuifanya. Serikali ilihesabu farasi wakati wa kuwapakia melini, ikaacha kuwahesabu wakati wa kurudi.

SWALI: Habari za kazi kaka. Njiwa alikuwa anajuaje pa kupeleka barua? Nimewahi kufuga njiwa na sijaona hata mmoja unayeweza kumtuma mahali.

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Na uko sahihi kabisa, njiwa hatumwi mahali. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Njiwa wa barua anajua safari moja tu, ya kurudi nyumbani kwake. Kwa hiyo jeshi lilikuwa linafanya kinyume na unavyofikiria, wanamlea njiwa makao makuu, akishazoea banda lake wanambeba kwenye kikapu mpaka mstari wa mbele, na wakitaka kutuma ujumbe wanauweka kwenye kichupa kidogo mguuni wanamwachia, anarudi kwao. Ikitokea makao makuu yanahama, banda nalo linahama, kulikuwa na mabanda ya magurudumu yanavutwa na farasi au gari, na njiwa wanapewa muda wa kuzoea mahali papya. Njia anaijua kwa jua, kwa nguvu ya sumaku ya dunia, kwa harufu na kwa alama anazoziona chini, na wataalamu bado wanabishana kipi kina uzito zaidi.

Faida yake ilikuwa kubwa kwa sababu waya za simu zilikuwa zinakatwa na mabomu kila saa, na redio za wakati ule zilikuwa nzito na adui anasikiliza. Njiwa hasikilizwi. Njia ya kumzuia ni kumpiga risasi akiwa angani au kumtumia kipanga, na kweli Waingereza kwenye Vita ya Pili waliua mamia ya vipanga wa pwani ya kwao wenyewe ili njiwa wao wapite salama. Kwa hiyo kumbuka hata ndege ambaye hakuwa jeshini alikufa kwa ajili ya vita.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha njiwa jike aliyeitwa Winkie. Februari 1942 ndege ya kivita ya Waingereza ilianguka Bahari ya Kaskazini ikitokea Norway, watu wanne wakawa kwenye boti ya mpira kwenye maji ya barafu na redio yao haikuweza kueleza wapo wapi. Winkie akatoka kwenye kikapu chake kilichovunjika, mabawa yamelowa mafuta ya ile ndege iliyoanguka, akaruka kama kilomita 190 mpaka nyumbani kwake karibu na Dundee kule Uskoti. Sasa utashangaa, hakuwa amebeba ujumbe wowote! Ila jamaa wa jeshi la anga walipoambiwa amefika, wakakaa chini wakapiga hesabu: ndege ilianguka saa ngapi, njiwa kafika saa ngapi, upepo ulikuwa unatoka wapi, na mafuta kwenye manyoya yangempunguzia mwendo kiasi gani. Wakapata eneo la kutafuta, wakawakuta wale watu wako hai. Mi nikisoma hicho kisa naona akili mbili zimefanya kazi pamoja, ya ndege na ya watu, hakuna iliyotosha peke yake.

Mwingine ni G.I. Joe, njiwa wa Wamarekani, Oktoba 1943 huko Italia. Waingereza walikiteka kijiji mapema kuliko ilivyopangwa na ndege za Wamarekani zilikuwa zinajiandaa kwenda kukipiga mabomu, redio ikagoma, njiwa akaruka kilomita 32 kwa dakika 20 akafika ndege ziko karibu kabisa kuondoka. Na yuko Cher Ami wa mwaka 1918, aliyefika bandani kifua kimepigwa risasi na mguu unaning'inia, ambaye mwili wake umehifadhiwa makumbusho Marekani na miaka mingi watu walibishana ni jike au dume mpaka vipimo vya vinasaba mwaka 2021 vikaonyesha ni dume.

Umeuliza pia kuhusu medali: mwaka 1943 mama Maria Dickin wa Uingereza, aliyeanzisha shirika la kutibu wanyama wa maskini, alianzisha Dickin Medal kwa ajili ya wanyama wa vitani. Watatu wa kwanza kuipata walikuwa njiwa wote, Winkie akiwemo. Mpaka 1949 ilitolewa mara 54, na 32 kati ya hizo zilienda kwa njiwa. Paka ni mmoja tu, Simon wa meli ya HMS Amethyst, aliyejeruhiwa kwa mizinga mto Yangtze China mwaka 1949 na akaendelea kuua panya waliokuwa wanamaliza chakula cha mabaharia waliokwama pale.

SWALI: Tembo wa vitani ni hadithi tu au kweli walikuwepo?

JIBU: Walikuwepo. Hannibal, jemadari wa Carthage, dola ya kale ya Afrika Kaskazini iliyopigana na Warumi, alivuka milima ya Alps mwaka 218 kabla ya Kristo na tembo 37, Alexander alikutana nao India mwaka 326 kabla ya Kristo, na mnaosoma Qur'ani mnalijua jeshi la Abraha kwenye Suratul Fiil.

Ila tembo alikuwa silaha ya kuogopesha zaidi kuliko ya kuaminika. Farasi wasiomzoea wanakimbia harufu yake tu, hilo ni kweli, lakini akiumizwa anageuka na kukanyaga yeyote aliye karibu, na walio karibu mara nyingi ni wenyewe waliomleta. Kuna mwandishi wa kale wa Roma ameandika kwamba waongozaji wa tembo wa Carthage walikuwa wanabeba patasi na nyundo, tembo akichanganyikiwa wanampigilia shingoni afe palepale. Na kwenye vita ya Zama mwaka 202 kabla ya Kristo, Warumi waliacha njia wazi katikati ya safu zao, tembo wakapita humo wakaishia nyuma. Mnyama mwenye akili ukimwachia njia ya kutoka anaichukua, hana ugomvi na wewe.

SWALI: Mzee wa baba yangu alikuwa mbeba mizigo kwenye vita ya Wajerumani na Waingereza huku kwetu Afrika Mashariki. Kwa nini walibebesha watu mizigo badala ya kutumia punda na ng'ombe?

JIBU: Mzee wangu, pole na asante kwa barua hii. Jibu fupi ni mbung'o, wengine wanamwita ndorobo.

Walijaribu wanyama. Waliletwa farasi, baghala, punda na maksai kwa makumi ya maelfu, hasa mwaka 1916 jeshi la Afrika Kusini lilipoingia Tanganyika, na walikufa karibu wote, wengine ndani ya wiki chache tu, kwa ugonjwa wa nagana unaoletwa na mbung'o na kwa magonjwa mengine ya farasi. Barabara hakuna, reli ni mbili tu, magari yanazama kwenye matope ya masika. Ndipo mzigo ukahamia kichwani kwa mtu. Upande wa Waingereza peke yake ulichukua wabeba mizigo kama milioni moja, wengi kwa kulazimishwa, na idadi rasmi ya waliokufa inazidi 95,000, zaidi kwa kuhara, malaria na kukosa chakula. Mtu anabeba karibu kilo 25, na yeye mwenyewe anakula kila siku, kwa hiyo safari ikiwa ndefu anaumaliza mzigo njiani kabla haujafika kwa askari, na ili ufike inabidi uongeze wabebaji wengine wa kubeba chakula cha wabebaji. Hesabu hiyo ndiyo iliyoua watu. Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck nao walifanya hivyohivyo.

Nimeliweka swali hili humu makusudi. Tunapohesabu wanyama waliokufa tusisahau kwamba palipokosekana mnyama walichukuliwa babu zetu, na wengi wao hawana hata jina lililoandikwa popote.

Umeuliza pia kama ni kweli nyuki waliingilia vita ya Tanga. Ni kweli. Novemba 1914 Waingereza walishusha pale jeshi kama la watu 8,000, wengi askari wa kutoka India, wakapigwa na jeshi la Lettow-Vorbeck lililokuwa dogo mno, kama watu 1,000. Katikati ya mapigano makundi ya nyuki yalichokozwa na risasi yakatoka yakashambulia. Magazeti ya Uingereza yalidai Wajerumani waliwatega, lakini nyuki waliwauma askari wa pande zote mbili, hakuna aliyewapanga.

SWALI: Eti ni kweli mbwa walifungwa mabomu?

JIBU: Ni kweli na inaumiza kuisimulia. Jeshi la Sovieti lilikuwa limewafundisha mbwa kutafuta chakula chini ya tanki, alafu kuanzia 1941 wakawafunga baruti mgongoni ili waingie chini ya matanki ya Wajerumani. Shida ni kwamba wengi walifundishwa kwenye tanki lililosimama, kimya, na ni matanki ya Sovieti yenye harufu ya dizeli. Walipofika vitani wakakuta moshi, kelele, risasi, wakaogopa wakarudi kwa watu waliokuwa wanawaamini, na baruti ikiwa bado mgongoni. Mbwa akiogopa anakimbilia kwa bwana wake, ndivyo alivyo, na hao mabwana ikabidi wawapige risasi. Mi sioni namna ya kuisafisha hiyo habari. Waliitumia imani ya mnyama dhidi yake.

Lakini jeshi hilohilo lilipowatumia mbwa kwa kitu wanachokiweza, pua, walifanya maajabu. Mbwa mmoja aliyeitwa Dzhulbars anaandikwa kugundua mabomu ya ardhini 7,468. Kwa hiyo swali kwangu siku zote ni moja, je, kazi uliyompa inaendana na maumbile yake na unamlinda, au unamtupa tu?

Vietnam Wamarekani walikuwa na mbwa kama 4,000, wanatangulia njiani, wanasikia waya za mitego na wananusa watu waliojificha. Waliorudi Marekani ni kama 200 tu. Wengine waliachiwa jeshi la Vietnam Kusini au waliuawa, maana kwenye makaratasi ya jeshi mbwa alikuwa kifaa, yupo kundi moja na hema na jenereta, na kifaa kilichozidi hakipandishwi ndege. Askari waliokuwa wanawaongoza hawakukubali, walisumbua miaka mingi, na Novemba 2000 ikapita sheria ya kuruhusu mbwa wa jeshi akistaafu achukuliwe alelewe nyumbani, na mara nyingi anayemchukua ni yuleyule askari wake. Miaka 25 baada ya vita kuisha.

SWALI: Naomba uniambie kuhusu yule dubu mwanajeshi, mwanangu wa miaka saba kaniuliza.

JIBU: Mwambie anaitwa Wojtek. Askari wa Poland walimpata akiwa mtoto huko Iran mwaka 1942, wakamlea kwa maziwa kwenye chupa, akakua nao, akaandikishwa kama askari ili apande meli kwenda Italia, na wenzake walisimulia kwamba Monte Cassino mwaka 1944 alisaidia kubeba makasha ya risasi za mizinga. Baada ya vita aliishi kwenye bustani ya wanyama ya Edinburgh mpaka alipokufa mwaka 1963. Askari wenzake wa zamani walikuwa wanakuja kumwona, wakimwita kwa Kipolandi anainua kichwa.

SWALI: Pomboo wanaua watu kwenye maji?

JIBU: Kazi yao inayojulikana wazi ni kutafuta, siyo kuua. Jeshi la majini la Marekani lilianza kuwachunguza pomboo miaka ya 1960, na lina pomboo na simba bahari San Diego. Pomboo anapiga sauti na kusikiliza mwangwi wake, anaweza kutofautisha bomu na jiwe hata kwenye maji machafu yenye mchanga, kitu ambacho mashine bado zinahangaika nacho. Mwaka 2003 walipelekwa bandari ya Umm Qasr Iraq kutafuta mabomu ya majini, wanaweka alama, binadamu ndio wanaenda kulipua. Urusi nayo inao. Mwaka 2019 nyangumi mweupe alionekana Norway amevaa mkanda ulioandikwa vifaa vya St. Petersburg, mji wa Urusi, anawafuata watu kwenye boti, wakamwita Hvaldimir, na alikutwa amekufa mwaka 2024. Alikuwa amezoea watu kiasi kwamba hakuweza kuishi kama nyangumi wengine, na hiyo ni gharama ambayo huwa haiandikwi kokote.

SWALI: Mimi nafanya kazi na mifugo. Kuna mnyama yeyote anayefanya kazi ya vita bila kuteswa, au wote ni mateso tu? Na hao panya wanaotegua mabomu wangapi wamekufa?

JIBU: Swali zuri sana mtaalamu. Kwanza panya hategui, ananusa tu na kuonyesha, anayetegua ni mtu. Hawa ni panya buku, wanafundishwa Morogoro na shirika la APOPO kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wanafundishwa tangu wadogo, wakisikia mlio fulani wanapewa chakula, wakinusa baruti na kukwangua ardhi wanasikia mlio, basi. Hawapigwi.

Hakuna hata mmoja aliyeuawa na bomu kazini, kwa mujibu wa shirika lenyewe, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: panya buku ana kilo moja na kitu, hana uzito wa kulipua bomu lililotegwa kwa ajili ya mguu wa mtu. Na ananusa baruti peke yake, hajali misumari na makopo. Mtu mwenye kifaa cha kutafuta chuma kila kipande cha bati kinamsimamisha, anachimba pole pole kwa hofu, kwa hiyo eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi panya analimaliza nusu saa, mtu anaweza kuchukua mpaka siku nne. Wanafanya kazi asubuhi mapema kabla jua halijakali na masikio wanapakwa mafuta ya kuzuia jua.

Maarufu ni Magawa, aliyezaliwa Tanzania akapelekwa Cambodia, nchi ambayo mabomu ya vita za miaka ya 1970 mpaka 1990 bado yanakata miguu ya wakulima na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa vita ikipiganwa. Mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na PDSA, lile shirika la mama Dickin, panya wa kwanza kuipata. Alisafisha ardhi zaidi ya mita za mraba 141,000, akastaafu Juni 2021 kwa sababu alianza kuzeeka na kuwa mzito kwenye mwendo, wakamwacha ale na kulala, akafa Januari 2022 akiwa na miaka minane, ambayo kwa panya ni umri wa kutosha.

Kwa hiyo siyo wote mateso. Ila angalia vitu vilivyopo hapo: kazi inayoendana na mnyama, saa chache, chakula, na kustaafu kulikopangwa tangu mwanzo. Farasi wa 1918 hawakuwa na hata kimoja. Na kazi haijaisha, kwenye mkoa wa Preah Vihear huko Cambodia yupo mwingine anaitwa Ronin, naye wa Tanzania, ambaye kuanzia Agosti 2021 mpaka mwanzoni mwa 2025 alikuwa ameshagundua mabomu ya ardhini 109, rekodi kwa panya.